APAREYI YA MASIKIO: YA BURE AO YA KUNUNUA?



Mbele ya mlango wa konsiltasio yetu, karibu kila juma tunaona jamaa moja ao mbili wamemleta mzee wao. Mzee anakaa mwisho wa benchi, anaangalia chini. Anayesema ni mtoto wake, ao bibi yake. "Mama, baba hasikie tena muzuri. Batu banasema kuko apareyi ya bure, na kuko ingine ya kuuza na falanga. Tukamate gani?" Wanauliza hivi watu wa Katuba, wa Ruashi, wa Kamalondo, hata wale wanaotoka mbali, Likasi na Kasumbalesa.

Ni ulizo zuri. Tena najua kwamba wakifika kuliuliza, nyumba imekwisha kuteseka muda mrefu. Wengine wamesema mzee ana kiburi, maana anasalimiwa na haitiki. Wengine wametafuta mlozi. Mzee mwenyewe ameacha kwenda kwenye komite ya mashemasi, sababu wenzake wakicheka, yeye anacheka nyuma yao bila kujua wamecheka nini, na hilo linamuumiza kuliko maumivu ya mwili. Ndiyo maana tunaandika kurasa hizi. Tunataka usitupe falanga za watoto wako, lakini pia usidharau kitu cha bure ambacho kingeweza kukusaidia.

KWANZA SIKIO, KISHA APAREYI

Usinunue kitu, wala usipokee kitu cha bure, kama munganga hajatazama bado ndani ya sikio. Nasema hivi kwa nguvu. Nilimwona baba mmoja aliyekuwa amekwisha kukusanya dola kwa watoto wake wanne. Tulipotazama, masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta ngumu kama jiwe. Tuliweka matone siku tatu, tukasafisha kwa maji ya vuguvugu, na baba akarudi nyumbani anasikia, na dola zake mfukoni. (Usijaribu kufanya hivyo mwenyewe kwa kijiti, ufunguo ao unyoya wa kuku. Tunaona kila mwaka ngozi za masikio zilizotobolewa namna hiyo.)

Sikio linalotoa usaha halifungwi na apareyi. Ukilifunga, usaha unakaa ndani na ugonjwa unaongezeka. Kwanza litibiwe mpaka likauke. Na kama mtu ameamka asubuhi na sikio moja limekufa ghafula, asingoje Jumapili ipite. Aende lopitali siku ileile, maana kuna dawa inayoweza kusaidia siku za kwanza tu, kisha mlango unafungwa.

Lakini kuna uziwi usioondolewa na dawa wala na kusafisha. Huo ni wa ndani kabisa, mahali ambapo vinyweleo vidogo sana vya sikio vinageuza sauti na kuzituma kwenye bongo. Vikifa havioti tena. Vinauawa na uzee, na surua, na ugonjwa wa bongo tunaouita menenjiti. Vinauawa pia na sindano fulani kama jentamisini na streptomisini zikitolewa kwa kipimo kibaya ao siku nyingi kupita kiasi, na hapa sisi wauguzi tusijifiche nyuma ya wengine: pima uzito wa mgonjwa, hesabu siku. Kwinini nyingi inapigisha kengele masikioni. Na kelele! Mji wetu ulizaliwa katika kelele ya shaba. Mtu anayefanya kazi saa nane kila siku katika kelele ya desibeli 85 ao zaidi, bila kufunika masikio, anayapoteza polepole bila maumivu yoyote. Mashini ya kusaga mahindi ni vilevile. Na nitasema neno ambalo halitapendeza wote: mabafle ya makanisa yetu nayo yanaharibu. Bwana anasikia hata tukipunguza kidogo.

Kisha kutazama, kunapimwa. Mtu anaingia katika chumba kisicho na kelele, anavaa kaske, anainua mkono kila anaposikia sauti ndogo. Karatasi inayotoka pale inaitwa odiogramu. Hapa Lubumbashi mambo ya masikio, pua na koo, tunayoyaita ORL, yanatazamwa kwenye Klinike za Universite na kwenye lopitali ya Sendwe. Karatasi ile itunze kama karatasi ya ubatizo, na dai nakala yake. Mtu akikuuzia apareyi bila kuiona, ni kama anakuuzia miwani kwa kutazama viatu vyako.

APAREYI NI KITU GANI?

Ni radio ndogo. Ina mikro inayokamata sauti, ina kitu ndani kinachoikuza, ina bafle ndogo inayoiingiza sikioni, na ina pili inayoilisha. Zile za leo zina kompyuta ndogo ndani. Fundi anaipanga ikuze sauti zile tu ambazo sikio lako limepoteza, si zote. Ndiyo maana apareyi iliyopangwa kwa ajili ya jirani yako haikufai, hata kama imetoka kwenye kartoni moja na yako.

Tujue pia jambo ambalo haifanyi. Hairudishi sikio la ujana. Sauti ya kwanza utakayosikia itakuwa ya ajabu, kama ya mtu ndani ya pipa. Sufuria zitapiga kelele. Bongo inahitaji majuma mengi, hata miezi miwili ao mitatu, kujifunza tena. Wengi wanaiacha katika juma la kwanza, wanasema "iko paka makelele". Walihitaji mtu wa kuwaambia wavumilie, waivae saa moja, kesho saa mbili.

Kuna ile inayokaa nyuma ya sikio, imeungana na kifinyango cha plastiki kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lako. Kuna ile ndogo inayoingia yote ndani, haionekani. Kuna ile ya zamani inayovaliwa kifuani na waya, imekuwa adimu. Watu wanapenda ile isiyoonekana, sababu ya haya. Kwa mzee mwenye vidole vigumu, mimi naipenda ile ya nyuma ya sikio. Ina nguvu zaidi, pili yake ni kubwa zaidi, na kifinyango kinaweza kubadilishwa bila kutupa apareyi.

HII "BURE" INATOKA WAPI?

Wengi wamesikia kwamba huko Ulaya serikali inatoa apareyi bure. Ni kweli kwa inchi fulani. Uingereza ilianza mwaka 1948, ilipofungua matibabu ya bure kwa wote. Apareyi yao ya kwanza ya serikali, Medresco, ilivaliwa kifuani, na pili zake zilikuwa pembeni katika mfuko. Mpaka leo Mwingereza anapewa apareyi ya nyuma ya sikio na pili zake bila kulipa, na akitaka ile isiyoonekana ya dukani anailipa mwenyewe. Ufaransa, tangu 2021, kuna apareyi za aina ya kwanza ambazo mgonjwa mwenye bima halipi kitu, na bei yake imewekewa mpaka: euro 950 kwa sikio moja la mtu mzima. Ikumbuke bei hiyo, tutairudia.

Kwetu serikali haina mpango wa namna hiyo. Matibabu ya bure yaliyoanza 2023 katika mpango wa afya kwa wote yalianza na akina mama wanaozaa na watoto wachanga, si na masikio. Kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na ni vizuri ijulikane, lakini sheria peke yake haipangi apareyi sikioni. Basi neno "bure" hapa kwetu lina milango mingine.

Mlango wa kwanza ni kazi. Wazee wa mji huu wanakumbuka wakati Gécamines ilipotibu mfanyakazi, bibi yake na watoto wake wote. Mwaka 2003 wafanyakazi kupita 10.000 walitoka kwa ile operesheni ya kuacha kazi kwa hiari, na tangu hapo nyumba nyingi zinalipa matibabu kwa mfuko wao wenyewe. Lakini usifikiri mlango umefungwa kwa wote. Kodi ya kazi ya 2002 inamlazimisha patro kulipa matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake, na inataja hata miwani na vifaa vya kusaidia mwili, kama docta ameandika. Wafanyakazi wengi wa makampuni ya migodi hawajauliza hata siku moja kama masikio ya bibi ao mtoto wao yanaingia humo. Uliza! Uliza kwa karatasi, si kwa mdomo. Na kama ni kelele ya kazi iliyoua sikio lako, iko pia CNSS, ambayo ina tawi la ajali na magonjwa ya kazi. Lakini ugonjwa lazima utangazwe na uthibitishwe, tena bila kungoja miaka kumi kisha retreti. Walimu nao waulize mituele yao.

Mlango wa pili ni makanisa, mashirika na madocta wageni wanaopita. Wanakuja siku chache, wanapima, wanagawa. Kuna pia apareyi zilizotumiwa na watu wa Ulaya waliokufa, zikasafishwa na kutumwa. Usizichukie kwa hilo. Nyingi bado ni nzima, na fundi akiipanga upya kwa odiogramu yako, inakuwa yako.

NA ZA KUNUNUA?

Hapa pana mambo matatu ambayo watu wanayachanganya.

La kwanza ni apareyi ya kweli, inayouzwa na mtu aliyejifunza kazi hiyo, anayepima, anayetengeneza kifinyango, anayekuita urudi. Bei yake ni mamia ya dola, mara nyingi inapita 1.000 kwa sikio moja. Kumbuka ile bei ya Ufaransa. Ukiombwa mara tatu ya ile kwa apareyi ya kawaida, uliza ni nini unacholipia.

La pili ni apareyi ya kweli iliyoletwa na ndugu kutoka Bruxelles ao Johannesburg. Kitu chenyewe ni kizuri, lakini fundi wake amebaki kule.

La tatu ni yale masanduku madogo ya rangi ya ngozi yanayouzwa sokoni na kwenye simu kwa dola 10 ao 30. Yanakuza kila kitu bila kuchagua: mlango, pikipiki, kikohozi. Mengine yanapiga sauti kubwa mpaka yanaweza kuharibu sikio lililobaki. Kwa mtu ambaye hana njia nyingine na anasikia bado kidogo, sitasema ni dhambi. Lakini si apareyi iliyopangwa kwa sikio lake, na kwa mtoto nakataa kabisa.

Sasa neno moja linalowashangaza watu: apareyi ya bure na ile ya bei kali mara nyingi zinatoka kwa mafundi walewale. Karibu soko lote la dunia liko mikononi mwa makampuni makubwa matano. Ile inayotolewa na serikali huko Uingereza na ile ya dukani zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, moja imevaa nguo nzuri zaidi. Ya bei kali inaweza kusaidia zaidi mahali pa makelele, inaweza kuungana na simu. Tofauti ile ipo. Lakini sijaona bado tofauti ile ikimwokoa mtu ambaye hana fundi karibu.

HABARI YA BABA YANGU

Nitaeleza habari ya nyumbani kwetu, sababu nilijifunza kwayo kuliko katika vitabu.

Baba alifanya kazi miaka mingi karibu na mashini. Alipofika miaka 70 hakumsikia tena mama. Sisi watoto sita tulifanya mchango. Mmoja wetu alikuwa safarini katika inchi nyingine, akanunua kwa muuzishaji wa huko apareyi ya bei kubwa, ile ndogo inayoingia ndani ya sikio. Hakuna aliyempima baba. Tulituma tu kwa simu picha ya odiogramu ya zamani.

Siku mbili tulifurahi. Siku ya tatu ikaanza kupiga filimbi, maana haikufunga sikio vizuri. Pili yake ilikuwa namba 10, ndogo kuliko punje ya mahindi, na kila juma ilitakiwa nyingine. Vidole vya baba havikuweza kuishika. Muuzishaji alijibu barua yetu mara moja, kisha hakujibu tena.

Baba hakutuambia kitu. Alijua tulivyochanga, na alijua nani alikopa. Kila Jumapili aliivaa kwenda kanisani, bila pili ndani, kusudi tuione sikioni mwake. Mwaka mzima! Na mimi muuguzi, ninayefundisha wengine, sikuona. Niliona siku moja tu nilipotaka kumsaidia kuisafisha, nikafungua kamlango kake, nikakuta patupu.

Baadaye alipata nyingine ya nyuma ya sikio, mfano wa zamani, iliyotolewa bure. Ilikuwa kubwa, rangi yake haikuwa ya ngozi yetu. Lakini walimpima, walimfinyangia sikio, na alirudi kwa fundi mara tatu katika miezi miwili mpaka ikakaa sawa. Ile aliivaa mpaka alipokufa.

Usitoke hapa ukisema basi ya bure ndiyo nzuri. Mwaka uleule nilimjua msichana wa miaka sita aliyepewa apareyi mbili nzuri na wageni waliopita siku tatu. Miezi sita kisha, masikio yake yalikuwa yamekua, vifinyango vikawa vidogo, zikapiga filimbi, walimu wakamwambia azivue sababu zinasumbua darasa. Wageni walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Apareyi zikawekwa ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Ya baba ilikuwa ya kununua, ya msichana ilikuwa ya bure, na zote mbili zilikufa ugonjwa mmoja.

Ndiyo maana watu wakiniuliza "bure ao kununua?", mimi naanza na ulizo lingine: fundi wake atakuwa wapi mwaka kesho?

MAMBO YA KUULIZA MBELE YA KULIPA AO KUPOKEA

Muulize yule anayekupa, hata kama ni mzungu, hata kama ni pasta: Nani atanipima? Nani atatengeneza kifinyango cha sikio langu, na kikipasuka nitakipata wapi? Nikirudi kisha majuma mawili na kisha miezi mitatu, nitamkuta nani? Pili zake ni namba gani, na hapa Lubumbashi zinauzwa wapi? Kama ni ya kununua, ongeza: Garanti ni miaka mingapi, na ikiharibika inatumwa wapi, kwa falanga za nani? Naweza kuijaribu mwezi mmoja na kuirudisha? Bei hii inahesabu kurudi kwangu, ao kila mara nitalipa tena? Dai faktire yenye namba ya apareyi.

Mtu wa kweli hakasiriki kwa maulizo haya. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Kama kuna njia mbili na zote zina fundi karibu, chukua ile ya bei ndogo, na falanga zilizobaki weka kwa pili. Kama ya bure haina fundi, lakini fundi wa mjini anakubali kuipanga na kuitengenezea kifinyango, mlipe yeye kwa kazi hiyo. Hii njia ya katikati watu wachache wanaifikiri, na mara nyingi ndiyo inayofaa nyumba zetu. Uliza kwanza kama anaweza, maana apareyi nyingine zinahitaji programu na waya ambazo hana.

Masikio mawili ao moja? Mawili ni bora, maana mtu anajua sauti inatoka upande gani, na barabarani hilo linaokoa uhai. Lakini moja inayovaliwa kila siku inapita mbili ambazo nyumba haiwezi kuzilisha pili.

HESABU YA PILI

Watu wanahesabu bei ya apareyi, wanasahau pili. Zile za kawaida zina rangi kwenye karatasi yake: manjano ni namba 10, kahawia ni 312, ya machungwa ni 13, ya buluu ni 675. Namba 13 inadumu karibu siku 10, wakati mwingine majuma mawili. Chukua siku 10: ni pili 36 kwa mwaka kwa sikio moja, 72 kwa masikio mawili. Apareyi ikidumu miaka 5, ni pili 360. Zidisha hiyo na bei unayoombwa, kisha uone kama kitu cha bure ni cha bure kweli.

Pili hizi zinafanya kazi kwa hewa. Ukibandua ile karatasi ya rangi, inaanza kujilamba, hata ukiibandika tena. Basi usibandue kabla ya saa yake, na ukibandua, ngoja dakika moja ao mbili mbele ya kuiingiza. Usiku fungua kamlango ka apareyi.

Kuna za kuchaji kwa umeme, kama simu. Ni nzuri kwa vidole vya wazee. Lakini mnajua delestaji ya SNEL. Kama mtaa wenu unakaa siku mbili gizani, fikiri. Huko Otse, Botswana, watu walitengeneza apareyi ambayo pili zake zinachajiwa na jua, kazi iliyojulikana kwa jina la Solar Ear, na wafanyakazi wengi katika karakana ile walikuwa viziwi wenyewe. Waliona mbele yetu kwamba Afrika pili inashinda apareyi kwa ugumu.

Na neno la hatari: pili ikimezwa na mtoto inachoma koo lake katika saa chache. Usingoje itoke yenyewe. Mpeleke lopitali mara moja, usiku ao mchana.

KAMA NI MTOTO

Kwa mtoto usikae miaka ukitafuta bei nzuri. Mtoto anajifunza lugha kwa masikio katika miaka yake ya kwanza, na miaka ile hairudi. Mtoto asiyeshituka kwa sauti kubwa, ao mwenye mwaka mmoja na nusu bila neno lolote, aletwe. Mtoto aliyetoka katika menenjiti apimwe masikio mbele ya kurudi nyumbani, ao mara tu kisha hapo.

Kwa mtoto, hesabu vifinyango kama viatu: vinakuwa vidogo. Yule mdogo sana anahitaji vipya kila miezi michache. Kwa hiyo apareyi ya mtoto isiyo na fundi katika mji uleule, mimi siipendi, hata ikiwa ya dola 3.000.

Na kama uziwi ni mkubwa sana, apareyi yaweza kumsaidia kidogo tu. Hapo lugha ya ishara si aibu wala si kushindwa. Andrew Foster, Mwamerika mweusi, Mprotestanti, kiziwi tangu utoto kwa ugonjwa wa menenjiti, alifungua shule yake ya kwanza ya viziwi Afrika, kule Ghana, mwaka 1957. Kisha alifungua nyingine katika inchi nyingi, hata kwetu wakati wa Zaire, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987. Alifundisha watu kwa mikono. Apareyi na mikono vinaweza kwenda pamoja katika mtoto mmoja.

KUITUNZA

Maji ni adui wa kwanza. Vua mbele ya kuoga, mbele ya kulala, mbele ya mvua. Toka Novemba mpaka Aprili iweke usiku ndani ya kopo linalofungwa vizuri, pamoja na vile vijifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu vipya. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi jekundu: pangusa kila siku kwa kitambaa kikavu. Kifinyango peke yake, kikiwa kimetenganishwa, kinaoshwa kwa maji na sabuni na kukaushwa kabisa. Apareyi yenyewe haioshwi hata siku moja. Ikipiga filimbi, tazama kwanza kama imeingia vizuri. Kisha kama sikio lina nta. Kisha kama kifinyango kimekuwa kidogo. Mbwa nao wanapenda kuitafuna, usicheke, tumeona.

Ninyi mnaokaa na mzee, msipige kelele sikioni mwake. Simama mbele yake, penye mwanga, aone midomo, sema polepole kidogo. Zima radio. Asiposikia, usimwambie "acha, si kitu". Neno lile linauma sana. Geuza maneno, sema tena.

Siku ya kuja konsiltasio, leta karatasi zote za zamani, leta apareyi yoyote iliyolala nyumbani hata kama imekufa, na andika kwenye karatasi dawa na sindano ambazo mgonjwa alipata. Na akija kujaribu apareyi kwa mara ya kwanza, aje na mtu mmoja wa nyumba ambaye anatamani kusikia sauti yake. Fundi atampanga yule mtu asimame mbali kidogo, aongee kama kawaida, na hapo tutaona mara moja ni nini bado kinahitaji kurekebishwa.